Miaka Saba kwa Sekunde 0.16

Kuna mwanaume mmoja wa Korea Kusini ambaye mimi na mume wangu tumemjadili kuliko tunavyowajadili majirani. Tulieni, si mwigizaji wa zile tamthilia. Anaitwa Kim Kuk-young, mkimbiaji wa mita 100, mzaliwa wa Anyang mwaka 1991. Hana medali ya Olimpiki wala ya ubingwa wa dunia. Sasa tunamjadili nini? Subiri.

Juni 2010, akiwa na miaka 19 tu, Kim aliingia uwanjani Daegu kwenye mashindano ya taifa. Rekodi ya nchi yake ilikuwa sekunde 10.34, iliyowekwa na Seo Mal-gu huko Mexico City mwaka 1979. Miaka 31 kila kijana wa Korea mwenye mbio alikuwa akiigonga na kurudi. Kim akaivunja mara mbili kwa siku moja: kwanza 10.31, halafu 10.23. Dogo akageuka matumaini ya taifa.

Mwaka uliofuata dunia nzima ikaja Daegu hapohapo. Sisi wa huku Afrika Mashariki tunaikumbuka kwa raha zetu, maana siku ya kwanza, Agosti 27, 2011, akina dada wa Kenya walizoa medali zote tatu za marathoni na zote tatu za mita 10,000. Siku hiyohiyo Kim, mbele ya watu wa kwao, alichomoka kabla ya mlio. Kanuni ilikuwa imeshabadilika tangu 2010: ukikosea mara moja tu, nje. Akatoka. Kesho yake Usain Bolt naye akatolewa kwenye fainali kwa kosa lilelile, lakini Bolt tayari alikuwa na dhahabu kabatini. Kijana wa nyumbani anajifutia wapi aibu?

Kuanzia hapo ndipo ninapomwonea huruma. Miaka mitano saa yake haikushuka chini ya 10.23. Mitano, jamani! Mpaka Julai 2015, kwenye michezo ya vyuo vikuu huko Gwangju, alipokimbia 10.16. Rio 2016 akaishia raundi ya kwanza.

Sasa nikwambie kwa nini jina hili linatajwa mezani kwetu. Mume wangu aliacha kazi ya uhasibu akafungua karakana ya fanicha. Vitanda vyake ni vizuri, sisemi kwa sababu ni wangu. Lakini ni mwaka wa nne, na kila tukienda harusini kuna shangazi atauliza, “Hivi bado tu?” Yeye humtaja Kim: mtu apimwe na saa yake mwenyewe. Mimi humjibu kwamba mwenye nyumba hana habari na saa yako, anataka kodi. Hatugombani, ila kuna usiku tumelala kila mtu kageukia ukuta wake.

Kilichotusaidia kidogo ni kujua kwamba hata Kim hakuwa anakimbia hivihivi. Kulikuwa na namba. Kwa ubingwa wa dunia wa London 2017, kiwango cha kufuzu kilikuwa 10.12. Juni 25 mwaka huo, mjini Jeongseon, Kim akakimbia 10.13. Rekodi mpya ya taifa, na bado haitoshi. Amekosa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Wewe ungefanyaje? Mimi ningelia wiki nzima. Yeye alirudi kwenye uwanja uleule baada ya siku mbili akakimbia 10.07. London akawa Mkorea wa kwanza kufika nusu fainali ya mita 100 kwenye ubingwa wa dunia.

Piga hesabu: kutoka 10.23 hadi 10.07 ni sekunde 0.16. Miaka saba ya kuamka alfajiri, kwa muda usiotosha hata kumwita mtoto jina lake.

Basi na sisi tukaandika namba yetu, kiasi ambacho karakana lazima ilete kila mwezi ifikapo Desemba, tukaibandika kwenye friji. Isipofika, anarudi kwenye uhasibu na mbao zitakuwa za Jumamosi. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, jambo lililonitia wasiwasi kidogo.

Mwaka 2018 Jakarta, kwenye Michezo ya Asia, Kim alifika fainali akamaliza wa nane. Medali ya michezo hiyo ilimjia Hangzhou, Oktoba 2023, akiwa na miaka 32, na haikuwa ya peke yake: shaba ya kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, sekunde 38.74. Korea haikuwa imepata medali katika mbio hizo kwa miaka 37. Yule wa saa yake mwenyewe akavishwa medali pamoja na wengine watatu.

Mei 2025, mjini Gumi, kikosi cha Korea kilitwaa ubingwa wa Asia kwa 38.49. Safari hii Kim hakuwemo. Mume wangu anasema lazima alifurahi tu. Mimi nasema alifurahi na aliumia. Bado tunabishana.