Gripu ya Betri na Dua ya Bibi Niliyoikosa



Wiki iliyopita bibi harusi mtarajiwa alinipigia simu kuulizia bei. Tukaongea tarehe, tukaongea ukumbi, halafu akaniuliza jambo ambalo sijapata kuulizwa na bibi harusi yeyote: "Dada, hiyo gripu ya kamera yako ni orijino?" Nikacheka. Kumbe ana kaka yake anayependa mambo ya kamera, ndiye aliyemtuma. Nikamjibu kwa mkato, si orijino, lakini asiwe na wasiwasi. Simu ilipokatika nikaona sikumtendea haki, maana jibu refu ninalo na nimelikalia miaka mitano.

Kwa msiojua, gripu ya betri ni kile kipande kinachofungwa chini ya kamera ikaonekana nene. Ndani yake zinaingia betri mbili badala ya moja, na ubavuni kina kitufe cha pili cha kupigia, ili ukiigeuza kamera wima usilazimike kuinua kiwiko juu kama unayepanga sahani kabatini. Na picha za maharusi nyingi ni za wima: bibi harusi amesimama na gauni lake lote, bibi harusi na somo wake, mikono ya hina imeshushwa mbele. Ukipiga hivyo kuanzia baada ya Isha mpaka karibu saa sita usiku, asubuhi mkono huo huwezi kusukumia chapati.

Tena kuna la pembeni ambalo wapiga picha hatulisemi. Kamera ikiwa na gripu inaonekana kubwa, na mama wa bibi harusi akiona kamera kubwa roho yake inatulia. Nimewahi kuulizwa mlangoni, "Mwanangu, kamera yako ndiyo hiyo tu?" siku niliyokuja bila gripu. Picha zilikuwa zile zile.

Basi mwanzoni nilikuwa na Canon 80D niliyoinunua imeshatumika. Gripu ambayo Canon wenyewe wameitengenezea kamera hiyo inaitwa BG-E14, na ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye 70D na 90D. Bei niliyotajiwa ilikuwa karibu laki nne. Pembeni yake dukani palikuwa na nyingine, haina jina lolote la maana, kwa elfu tisini. Muuzaji hakunidanganya, namshukuru kwa hilo. Aliniambia wazi: "Dada, hii siyo ya kampuni, ila inafanya kazi." Na kweli ilifanya kazi, miezi saba.

Usiku ninaousema ulikuwa harusi ya wanawake, hapa hapa Unguja. Mnazijua shughuli zetu: mlangoni kuna dada amekaa na kikapu anakusanya simu, kwa sababu ndani watu wamefungua nywele na wamevaa walivyotaka. Kamera iliyoruhusiwa humo ni moja, na ni yangu. Maana yake jambo lisiponaswa na mimi, halikunaswa na mtu. Hakuna binamu mwenye simu atakayeniokoa.

Yule bibi harusi alilelewa na bibi yake mzaa mama, mtu wa Wete, na bibi huyo hakuwa akipenda kupigwa picha. Wiki nzima mjukuu alikuwa akimbembeleza, mpaka akakubali: picha moja, akiwa amejistiri vizuri, na isitoke nje ya familia. Bibi harusi alinieleza haya alasiri wakati anapambwa, akanishika mkono. "Dada, nyingine zote zikiharibika, hiyo usiniharibie."

Bibi akapandishwa jukwaani ameshikwa huku na huku. Mimi nikategemea wataketi, nitampanga vizuri, nitawaambia waangalie hapa. Hakungoja kupangwa. Alimwekea mjukuu wake kiganja kichwani akaanza kusoma dua, na yule mtoto akapiga magoti na gauni lake lote, akalaza kichwa mapajani kwa bibi. Ukumbi ukanyamaza, hata wapiga taarab wakanyamaza.

Nikageuza kamera wima, nikabonyeza kitufe cha gripu, picha ya kwanza ikalia. Ya pili, kiza.

Nikaizima, nikaiwasha. Kimya. Nikahisi gripu inacheza kidogo mkononi, nikakaza lile gurudumu linaloifunga, kamera ikaamka kwa muda wa kusema bismillahi kisha ikafa tena. Nikaamua kuifungua gripu nitie betri moja kwa moja kwenye kamera. Hapo ndipo nilipojua ujinga wangu.

Ukifunga gripu kwenye kamera ya namna hii, unakichomoa kile kifuniko cha chumba cha betri. Na bila kifuniko kamera haiwaki, hata betri ikiwa imejaa, kwa sababu kuna kiswichi kidogo kinachotaka kubanwa na kifuniko ndipo umeme upite. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana gripu nyingi zina kijinafasi cha kuhifadhia kifuniko. Hata yangu ya elfu tisini ilikuwa nacho. Mimi kifuniko changu nilikitia kwenye bahasha, nikakiweka droo ya chumbani ili kisipotee.

Nikachomoa pini ya mtandio, nikakibana kile kiswichi kwa pini na plasta. Kamera ikawaka. Zilipita kama dakika sita. Bibi alikuwa ameshashuka, ameketi mstari wa mbele anapepewa. Nikamwendea, nikapiga goti, "Shikamoo bibi. Nakuomba unisamehe, kamera imenizimikia. Unaweza kumsomea tena, hata kidogo?"

Alinitazama kwa huruma kabisa, wala hakukasirika. "Marahaba mwanangu. Dua haisomwi mara ya pili kwa ajili ya picha."

Nilimaliza kazi. Niliporudi nyumbani nikaangalia kadi: ipo picha moja ya tukio lile, ile ya kwanza, na mbele yake bega la shangazi mtu. Kinachoonekana ni mkono wa bibi juu ya shela.

Dada zangu, siku tatu zile nilijishauri sana. Picha nilizokuwa nazo zilizidi 600 na zilikuwa nzuri. Ningeweza kusema bega la shangazi ndilo lililoniziba, na lisingekuwa uongo moja kwa moja. Lakini nililipwa kwa kazi niliyoaminiwa, na chombo kibovu nilikichagua mwenyewe kwa sababu kilikuwa rahisi. Nikampigia nikamweleza yote, mpaka bahasha na droo. Akanyamaza kidogo. Nikamwambia nitamrudishia nusu ya malipo, akakataa, nikamtumia hivyo hivyo. Mwaka uliofuata bibi alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na binti akaniomba ile picha ya mkono kwa ukubwa kamili. Anayo ukutani chumbani kwake.

Sasa nije kwenye gripu yenyewe.

Fundi aliyeifungua (kadi nikiwa nimeitoa kwanza, kadi ya harusi ya wanawake haiingii dukani kwa fundi) alinionyesha vitu viwili. Vipande vya chuma vinavyogusana na kamera vilikuwa vimeshika ukungu wa kijani, hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma. Na shina linaloingia kwenye chumba cha betri lilikuwa limelegea, plastiki yake imechoka. La kwanza lilikuwa kosa langu, sikuwa nikifuta. La pili lilikuwa kosa la elfu tisini.

Nikaapa nitanunua orijino. Nikavuka Dar, nikaingia Kariakoo, na duka moja likanipa BG-E14 "orijino kabisa" kwa laki mbili. Boksi lina jina, gripu ina jina. Lakini mpira wake ulikuwa unang'aa kama kandambili mpya, maandishi yamekaa upande, na trei ya zile betri ndogo sita haikutaka kufunga. Nikaiacha. Hapo ndipo nilipotenganisha akilini mwangu vitu ambavyo watu huvichanganya. Gripu ya kampuni nyingine yenye jina lake yenyewe, kama Meike, ni bidhaa ya halali inayojitambulisha. Ile iliyoandikwa jina lisilo lake ni ghushi, na ghushi tumekatazwa tangu tukiwa chuoni. Ile ya kwanza yangu ilikuwa dhaifu, lakini haikuwa ikidanganya.

Dada mmoja mpiga picha mwenzangu alikuwa na BG-E14 ya kweli, akaniazima mwezi mzima. Nisiifiche, ni nzuri. Ukiifunga inakuwa kama imeota kwenye kamera, haichezi hata kidogo. Mpira wake ni ule ule wa mwili wa kamera, kidole kikitoka juu kwenda ubavuni hakishtuki. Kitufe chake kina hatua mbili zinazohisika: ukigusa inalenga, ukibonyeza inapiga. Kwenye yangu ya zamani hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi mno, nikitaka kulenga tu inapiga, nina picha nyingi za sakafu. Na kwenye menyu nilikuwa naona hali ya kila betri peke yake.

Lakini msidhani kila orijino imekamilika. Nikon walipotoa kamera za Z6 na Z7, gripu yao ya MB-N10 haikuwa na kitufe cha kupigia wima, yaani unalipa pesa ya kampuni na kiwiko bado kiko juu. Na kwa D7500 Nikon hawakutoa gripu yoyote. Mwenye kamera hiyo hana la kuchagua, atatumia ya wengine, ambayo kitufe chake hufanya kazi kwa kuunganishwa na kiwaya kando ya kamera. Kiwaya chenyewe kinaning'inia, kinanasa mkono wa baibui. Basi ndiyo hivyo.

Mwisho wa mwezi nikakaa na pesa yangu, laki nne na kidogo. Nikanunua gripu ya kampuni nyingine, yenye jina na yenye watu wengi walioitumia. Pesa iliyobaki nikanunua betri mbili za Canon wenyewe, na nikaanza kuweka akiba ya kamera ya pili. Hesabu yangu ilikuwa hii: gripu ni plastiki, springi na nyaya, ikiniangusha naifungua na kazi inaendelea. Betri ni dawa iliyofungwa ndani ya boksi, inaweza kuvimba ikang'ang'ania humo humo. Nimeshaona ya mwenzangu iliyovimba, ilitolewa kwa koleo. Hata kamera inajua: nilipotia betri ya bei rahisi iliniuliza kwa maandishi kama betri hiyo ina nembo ya Canon, kama mama anayemuuliza mtoto chenji iko wapi.

Mwenzangu hakubaliani na mimi. Yeye hupiga sana maharusi wa ufukweni, Nungwi na Paje, na rasharasha za bahari na mchanga vinaingia kila penye upenyo. Anasema bora ale muhogo miezi miwili kuliko kufunga kwenye kamera kitu kinachoacha upenyo. Kwa kazi yake naona ana haki, na kama laki nne unayo bila ya kukopa, nunua ya kampuni, wala usinisikilize. Mimi kazi yangu ni kumbini, chini ya feni na moshi wa udi. Hii ya sasa ina mwaka wa nne. Nafuta vyuma vyake kila baada ya shughuli kwa kitambaa kikavu, nakaza gurudumu kabla bibi harusi hajaingia, na tena bwana harusi anapotangazwa na watu wanatafuta mabaibui yao. Ikikaa wiki bila kazi naitoa kabisa kwenye kamera.

Na nyinyi maharusi, mkitaka kumpima mpiga picha wenu, mwulizeni kamera yake ya pili iko wapi siku hiyo. Mkiona anatafuta maneno, mmeshajua. Na mwambieni mapema ni tukio gani moja ambalo hamtaki likose, na ni nani hataki kupangwa.

Jana nimempigia tena yule binti wa kaka mpenda kamera. Nikamweleza yote haya, kuwa gripu si orijino na sababu yake, kuwa betri ni za kampuni, kuwa kamera ya pili ipo na inakuja na msaidizi wangu, mwanamke. Nikamwambia pia kuwa kifuniko cha betri kipo ndani ya gripu, nimekiangalia kabla ya kumpigia.

"Kifuniko gani tena, dada?" akauliza.