Umekabidhi Majalada ya Watu?

Nsemulwa, Mpanda
8 Juni 2025

Mwanangu,

Bibi yako anaamka na anakula vizuri, masikio ndiyo yamekataa kabisa. Mpunga tumeshavuna na uko stoo. Mdogo wako amepata kibarua cha kufundisha, mshahara mdogo lakini anarudi nyumbani anacheka. Leo Pentekoste tumesali, jumuiya imekuombea.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Juzi kijana wa jirani yetu alishuka na basi la Tabora akitokea huko Dar es Salaam, akapita kunisalimia, na kabla hajamaliza chai akaniambia umeacha kazi. Nikamuuliza, nani kakwambia? Akasema watu wanajua. Wapo wanaosema umeandika barua ya kujiuzulu. Wapo wanaosema hukuandika lolote, umeacha tu kwenda ofisini, na mkeo kila asubuhi anakufungia chakula akijua unakwenda kazini. Mwisho akaongeza kwamba unataka kuja Inyonga kufuga nyuki.

Nataka jibu kutoka kwako, sitaki la mitaani. Ni kweli? Na kama ni kweli, mkeo anajua? Na majalada ya watu uliyokuwa nayo, umemkabidhi nani?

Usidhani nakuandikia kukukataza. Nilikuona Pasaka. Wenzako walisema ni uchovu wa safari, lakini mimi ndiye niliyekulea tangu ulipoacha ziwa. Kuku wa kienyeji uliyekuwa ukimgombania na binamu zako ulimzungusha kwenye sahani mpaka mchuzi ukaganda. Simu uliilaza kifudifudi juu ya mkeka, na kila ilipotetemeka ulishtuka, ukaitazama, ukairudisha vilevile. Usiku tulipobaki wawili uani ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Shangazi, tangu nianze kazi sijawahi kumwona kwa macho mtu ninayemtetea."

Ukanieleza kwamba mteja wako ni kampuni, na kampuni hiyo ni ya kampuni nyingine iliyoko ng'ambo, na kazi yako ni kuandika mikataba ya Kiingereza inayoingia kabatini kusubiri siku watakayogombana. Ukasema mshahara ukiingia, usiku huo ndio unaolala vibaya kuliko yote. Baba yako mdogo angesikia hayo angesema unashiba vibaya. Mimi sikucheka. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiwa mzee wa baraza, nimeona kazi ya sheria ikimkausha mtu taratibu, na waliokauka zaidi hawakuwa wale waliokuwa wanashindwa kesi. Kwa hiyo huzuni yako naiamini. Mashaka yangu ni juu ya namna unavyotaka kutoka.

Sikiliza jambo ambalo sijawahi kukusimulia, maana wakati huo ulikuwa shule ya bweni.

Katika mahakama moja ya mwanzo niliyokaa, ambayo sitaitaja, aliletwa hakimu kijana. Alikuwa na akili. Akikuuliza swali moja unajua amekusikia tangu asubuhi. Lakini kazi ilimchosha moyo. Kutwa ni ndugu wanaogombania masufuria ya marehemu, mlevi aliyempiga jirani, ng'ombe walioingia shambani. Mchana alikuwa akikaa chini ya mwembe wa mahakama peke yake, chakula chake amekifunika, hali. Sisi wazee wa baraza tuliona, tukamwambia mzee mwenzetu mmoja azungumze naye. Kijana akajibu kwamba hana tatizo.

Siku hizo tulikuwa na shauri la mirathi la mama mmoja mjane. Mumewe aliacha nyumba na kiwanja, shemeji zake wakasema kiwanja ni cha ukoo. Mama alikuwa na shahidi mmoja wa maana, mzee wa makamo ya babu yako, ambaye alikuwepo kiwanja kilipouzwa na alihesabu zile hela kwa mkono wake. Mzee yule aliletwa kwa baiskeli, amefungwa shuka kiunoni asianguke. Akatoa ushahidi wake vizuri, akataja mipaka, akataja mti ulioko pembeni, akataja na nani alishika daftari. Hakimu akaandika kurasa mbili. Mimi nilikuwa nimekaa mkono wake wa kulia, nikamwona akifunika kalamu, akafunga jalada, akatuambia tuonane wiki inayofuata.

Wiki iliyofuata ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Dhahabu ya Ibindi ilikuwa inasemwa kila kijiwe wakati ule, na tukasikia amekwenda huko na rafiki zake. Hakumuaga karani. Hakutuaga sisi. Mama mjane alikuja na watoto wake, akakaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali, tukamwambia arudi siku nyingine.

Ikapita miezi ndipo akaletwa hakimu mwingine. Akalifungua lile jalada, akasoma, akafika kwenye ushahidi wa mzee, akatuonyesha. Chini ya zile kurasa mbili hapakuwa na sahihi. Kijana yule alifunika kalamu bila kutia sahihi yake, na ushahidi ambao hakimu hakuutia sahihi unapigwa vita hata na mtu asiyejua sheria. Shemeji za yule mama wakasema shauri lianze upya. Likaanza upya. Yule mzee wa baiskeli tulikuwa tumeshamzika.

Mama alipoteza kiwanja. Sasa hivi anapanga chumba kimoja na kuuza maandazi asubuhi. Ukipita njia ya kwenda stendi utamwona.

Huyo hakimu nilikutana naye baadaye sokoni Mpanda, amekonda, dhahabu hakuiona. Najua kwamba hakuwa mtu mbaya, maana kabla hata ya kunisalimia aliniuliza habari za yule mama. Nikamwambia ukweli wote. Alisimama pale na mfuko wake wa nyanya, akashindwa kuendelea na safari yake. Alikuwa ameikimbia huzuni ya kwanza, na sasa alikuwa na hii ya pili ambayo haina pa kujiuzulu.

Ndiyo maana nauliza, na nitauliza tena: majalada umemkabidhi nani? Usiniambie mteja ni kampuni. Nyuma ya kila karatasi yupo mtu, hata kama wewe hujakutana naye. Kama umeamua kutoka, toa taarifa kwa muda uliomo kwenye mkataba wako, orodhesha kazi zote, tia sahihi panapotakiwa sahihi, mkabidhi mwenzako ana kwa ana, halafu toka kwa mlango wa mbele mchana kweupe.

Sasa nyuki. Najua jibu lenu vijana: mbona Mheshimiwa Pinda anafuga nyuki? Haya. Mizengo Pinda ni mtoto wa Kibaoni, wa huku huku kwetu. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akahitimu mwaka 1974, akaanza kuwa wakili wa serikali, akafanya kazi Ikulu, akaingia bungeni mwaka 2000, akawa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Nyuki alikuwa nao akiwa kwenye madaraka, na aliwahimiza watu nchi nzima wafuge. Hakwenda kwenye mizinga kwa kukimbia ofisi. Na hata Mwalimu Nyerere, kila mtu anasimulia alivyoacha mshahara wa ualimu pale Pugu mwaka 1955. Wanasahau kwamba TANU ilikuwa imeshazaliwa Julai 1954 na yeye ndiye rais wake. Alikuwa na pa kwenda na watu waliokuwa wanamngoja. Wewe nani anakungoja Inyonga?

Muulize mjomba wako aliyeko huko. Kurina ni usiku, moshi umejaa machoni, mizinga iko juu ya miti mbali na barabara, unalala kambini, na kuingia hifadhi ya msitu ni mpaka upate kibali. Asali ukiipata, mnunuzi anakuja na bei yake. Ni kazi ya heshima, imejenga nyumba na kusomesha watoto wa huko. Lakini mjomba wako anaipenda. Akisikia mvua imewahi anainuka kwenye chakula. Wewe tangu utoto nyuki walikuwa wanakutoa mbio. Huzuni ambayo hujaipatia chanzo itakufuata mpaka msituni kama nzi anavyofuata ng'ombe.

Na chanzo ulikitaja mwenyewe usiku ule uani, sijui kama ulijisikia ukikitaja. Hukusema umechoka na sheria. Ulisema humwoni mtu.

Unakumbuka likizo yako ya mwaka wa pili chuoni? Ulitukalisha barazani ukatusimulia habari za Profesa Issa Shivji, jinsi alivyopewa uenyekiti wa tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi mwaka 1991, jinsi walivyozunguka mikoani kuwasikiliza wakulima na wafugaji, na jinsi serikali ilivyoyakataa mapendekezo yao makubwa, naye asikae chini, akawa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya HAKIARDHI mwaka 1994. Uliongea umesimama, unapunga mikono, ukatueleza kijiji kina haki gani juu ya ardhi yake kwa sheria namba 5 ya 1999. Bibi yako, wakati huo akisikia bado, akakuuliza sisi huku Mpanda tutafikiwa lini. Ukamjibu: mimi ndiye nitakayekuja.

Bibi yako hakusahau. Amesahau majina ya wajukuu, hilo hakusahau.

Huku kazi ipo. Kuna watu wa Katumba ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa vyeti vya uraia kuanzia 2014, na wana maswali ya karatasi na ya ardhi ambayo hawajui wampelekee nani. Kuna wafugaji na wakulima wanaogombana kila kiangazi. Kuna wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, wanafanya kazi nzuri ya kuelimisha na kuandikia watu barua, lakini sheria hiyo haiwaruhusu kusimama mahakamani kumtetea mtu. Hapo ndipo wanapokwama, na mtu wao anakwama nao. Wewe unaruhusiwa. Hela haitakuwa ile ya Dar es Salaam, sikudanganyi. Mteja mwingine atakulipa nusu na kuku. Lakini utamwona.

Nasema haya nikiwa na haki ya kuyasema. Baba yako mdogo anajisifu vilabuni kwamba alikusomesha. Alitoa gunia moja la mahindi. Ada ya Shule ya Sheria ilitoka kwenye mchele niliobeba kichwani, na kwenye kitenge nilichouza kabla sijakivaa. Mimi nilifaulu darasa la saba, nafasi ya nyumbani ikapewa baba yako kwa kuwa ni wa kiume. Sikununa, nilimpikia chakula cha safari. Ila siku ulipoapishwa kuwa wakili, picha nilionyeshwa na watu baki. Nauli ningejitafutia. Hilo nimelisema mara moja na sitalirudia. Babu yako alikuja Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenzake wakapanda treni kurudi kwao, yeye akakaa akalima. Hatutoki kwa watu wanaoondoka bila kuaga.

Mengine machache. Mkopo wa gari umalize kabla ya kuacha mshahara. Cheti cha uwakili kihuishe kila mwaka hata kama huna kesi. Pombe ya peke yako chumbani iache. Mkeo mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Asisikie kwa majirani kama nilivyosikia mimi. Na kama usingizi umekataa kabisa, nenda hospitali, uongee na daktari, hiyo si aibu.

Ombi langu ni hili, halihitaji ujiuzulu. Mama mmoja wa mtaa wetu, anayeuza migebuka ya Karema sokoni, ameshindwa shauri la mirathi kwenye mahakama moja ya mwanzo nje ya mji. Nimeisoma nakala ya hukumu yake. Shahidi wake mmoja hakuitwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwa nini. Amebaki na watoto wanne katika nyumba anayotakiwa kuiacha. Hana hela ya wakili, hela ya nauli yako nitatoa mimi. Nimemwambia mwanangu ni wakili, atakuja. Nimemwahidi kabla ya kukuuliza, kwa sababu bibi yako naye aliahidiwa.

Hukumu ilisomwa tarehe 27 Mei. Rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30, unajua kuliko mimi. Omba likizo fupi, usitoroke. Nipigie jioni, mchana niko sokoni, unitajie siku ya basi. Na ukipiga, kabla ya kuniuliza habari za bibi, nijibu kwanza lile la majalada.

Wasalimie mkeo na wajukuu.

Shangazi yako.