Ethi ya gari la anko, na aibu yangu

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Mara testi, mara bumu limechelewa... lakini kisa chenyewe hasa ni gari la anko. Leo nakiri dhambi zangu zote, mnicheke tu.

Mnajua nasoma uhandisi wa umeme hapa Mlimani, mwaka wa tatu. Basi pale nyumbani kitu chochote chenye waya kikifa naitwa mimi: pasi, feni, king'amuzi, vyote. Mjomba ananiita "Mama Injinia". Na huyu ndiye anayenimalizia ada pale mkopo unapoishia, kwa hiyo akiniita sina ujanja, naenda.

Anko ana ki-Eunos Roadster cha mwaka 1992. Kwa wasiokijua, ni ile Mazda MX-5 ya kwanza kabisa, iliyooneshwa Chicago mwaka 1989, na kule Japani ikauzwa kwa jina la Eunos. Viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.6, na zile taa za mbele zinazoinuka kama macho ya chura. Anti anasema ni gari la mtu asiyekuwa na mizigo wala akili. Lakini anko akiwa ndani yake, jamani, anarudi kijana wa miaka ishirini!

Sasa gari likaanza vituko. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapata moto, ukizima ukataka kuwasha tena, stata inazunguka kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini. Taa za mbele njano kama mshumaa. Ukiwasha indiketa, mshale wa mafuta nao unacheza cheza. Anko akaniuliza. Mimi nimesimama na soda yangu mkononi, mita sijashika, nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Anko, betri imekufa hiyo. Taa ni balbu tu zimezeeka, hazina shida."

Akanunua betri mpya. Na si betri ya bei poa, maana kwenye gari lile betri inakaa nyuma kwenye buti, kwa hiyo inatakiwa ile iliyofungwa vizuri, yenye mrija wa kutoa gesi nje.

Siku tisa baadaye, saa mbili usiku, anatoka Bunju. Mkokoteni mbele, hauna taa wala kiakisi. Anko aliuona umeshafika puani. Alikanyaga breki, gari likasimama hatua moja tu kutoka kwenye miguu ya yule msukumaji, na injini ikazima. Akapiga stata... kimya. Katikati ya barabara, giza, malori yanapita. Wasamaria wema wakamsukuma pembeni.

Akanipigia. Hakugomba hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mama Injinia, na hii mpya nayo imekufa?" Wadau, ningependa angenitukana. Usiku ule sikulala.

Jumamosi nikaenda na mita yangu ya maabara. Betri: volti 12.6, nzima kabisa. Nikahamia kwenye ethi. Ile kamba ya shaba inayotoka kwenye injini kwenda bodi nikaipima ukinzani. Mita ikasoma 0.3. Nikagusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, 0.3 vilevile. Nikasema hapa pazima, tatizo ni stata. Nilibakiza dakika moja tu nimwambie anko anunue stata!

Kwa bahati akawepo fundi umeme wa magari wa mtaani kwao, mzee mmoja hivi. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akauliza swali moja: "Waya wa mafuta umeugusa, binti?" Waya wa mafuta, ule wa kwenye pedali? Anko akapiga stata mara mbili, mimi nikaugusa. Wa moto!

Mzee akachukua waya mmoja wa kubustia, akabana upande mmoja kwenye chuma cha injini, upande wa pili kwenye bodi. "Piga." Stata ikazunguka kama gari limetoka kiwandani jana.

Jamani nilitamani ardhi inimeze. Maana nadharia yake naijua, nimeifanyia mtihani! Betri ipo nyuma. Waya wa chanya unapita hadi mbele kwa stata, lakini hasi imefungwa kwenye bodi hukohuko kwenye buti. Njia ya kurudia umeme ni bati la gari lenyewe. Na injini imekalia raba, haigusani na bodi moja kwa moja. Ile kamba ndiyo daraja. Daraja likioza, umeme unatafuta vichochoro, na kichochoro kimojawapo ni ule waya wa mafuta.

Na mita yangu ilinidanganyaje? Piga hesabu. Stata inavuta ampia 100 na zaidi. Ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita yangu haiwezi kuuona, unakula volti 1 nzima. Mita ikipima omu inapitisha umeme kiduchu mno. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuipa jibu zuri. Ni sawa na kupima daraja kwa kumpitisha sisimizi halafu ukaruhusu lori.

Kipimo chenyewe ni hiki: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri (tulitumia waya mrefu kutoka buti), nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Mimi nilipata 1.3. Ikizidi 0.5 ujue kuna mgonjwa. Kwenye ethi za taa, taa zikiwa zimewaka, nikapata 0.9. Na balbu hizi za kawaida, volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Ndiyo maana anko hakuuona mkokoteni. Hazikuwa "balbu tu".

Kazi yenyewe ilichukua mchana mmoja. Tukatoa waya wa hasi kwenye betri kwanza. Tukafungua kamba: nje nzuri, chini ya bolti kijani tupu, si mnajua chumvi ya hewa ya Dar. Tukaweka mpya nene. Kila sehemu ya ethi, kwenye buti, kwenye injini na zile mbili za taa, tukapiga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, maana rangi haipitishi umeme. Tukakaza, halafu ndipo tukapaka grisi juu kuzuia unyevu. Kile kiti cha waya za rangi rangi kinachouzwa eti kinaongeza nguvu za farasi mzee alikicheka. Kama ethi zako ni safi, hakikuongezei kitu.

Tukapima tena: injini 0.15, taa 0.1. Jioni anko akawasha taa, ukuta wa jirani ukawa mweupe peeee! Anti akatoka kuangalia kuna nini.

Miaka mitatu nachora ile alama ya ethi, vistari vitatu, na pembeni naandika sifuri. Sikuwahi kujiuliza huo ukinzani sifuri nani kaupima. Mzee hakuwahi kuichora, ila anajua imefungwa kwa bolti, na bolti inaota kutu.

Betri nimeahidi kuilipa bumu likitoka. Anko kakataa, kasema nimfundishe kutumia mita. Jumapili tunaanza.

Haya wadau, nakimbilia maabara. Siku njema!