Majina Yalipoingia Kwenye Muhtasari

Mimi ni mtumishi wa chuo kikuu cha umma, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nimekuwa katibu muhtasi anayeandaa vikao vya Baraza la Chuo. Nilisoma uhazili Tabora, katika chuo ambacho watu wa rika langu bado wanakiita Chuo cha Uhazili ingawa siku hizi ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Kipimo chetu pale kilikuwa hatimkato ya maneno 80 kwa dakika moja, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na aliyefaulu alijua ajira ameshaipata. Niliingia kazini na Kidato cha Nne na cheti changu, baadaye nikaongeza stashahada, nikaamini kwamba elimu yangu imefika mwisho wake. Sikuwa na uchungu wowote juu ya jambo hilo. Natoa ushuhuda huu kwa sababu imani ile ilivunjika, na ilivunjikia ndani ya chumba cha kikao, mahali ambapo sikutegemea kusikia lolote linalonihusu.

Baraza la Chuo halijulikani sana. Kwenye mahafali watu humwona Mkuu wa Chuo akitunuku shahada, humsikia Makamu Mkuu wa Chuo akisoma hotuba, na wale wengine waliokaa jukwaani na majoho ya rangi hudhaniwa wote ni maprofesa. Kumbe baadhi yao ni wajumbe wa Baraza: mhandisi, mhasibu, ofisa kutoka wizarani, mwakilishi wa wanataaluma, mwakilishi wa wanafunzi. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 na Hati Idhini ya chuo, Seneti inashughulika na taaluma, mitihani na matokeo, na Baraza ndilo lililokabidhiwa mali, fedha, ajira na mipango. Bweni halijengwi na bajeti haitekelezwi mpaka karatasi zake zipite hapo.

Karatasi hizo hukusanywa kwenye kabrasha, na kabrasha ndilo lilikuwa jasho langu. Kabla ya kuletewa vishikwambi tulikuwa tunadurufu hadi usiku, tunapanga kurasa juu ya meza ndefu, tunatoboa, tunafunga, kisha dereva anazunguka mjini kuwapelekea wajumbe majumbani na maofisini. Kufungua kikao, akidi, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya Makamu Mkuu wa Chuo, taarifa za kamati, mengineyo: mpangilio huo naweza kuusema nikiwa usingizini. Wanafunzi walikuwamo ndani ya kabrasha, lakini kama tarakimu. Waliodahiliwa ni hawa, wenye mkopo wa Bodi ni hawa, walioahirisha masomo ni hawa, waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli, ni hawa. Niliandika miaka na miaka bila kuandika jina la mwanafunzi hata mmoja, isipokuwa pale rufaa ya nidhamu ilipofika mezani. Nalisema hili kwa masikitiko. Kijana aliyeiba kompyuta alikuwa na jina kwenye kumbukumbu za Baraza, na binti aliyeongoza kitivo kizima hakuwa nalo.

Mambo yalibadilika alipokuja mwenyekiti mpya, jaji mstaafu, mama mpole wa sauti ya chini. Katika kikao chake cha mwanzo aliuliza wanafunzi bora wa mwaka huo ni akina nani. Akaambiwa zawadi zao hutolewa na vitivo, kila kitivo kwa siku yake, na kwamba orodha ipo Seneti. Akapendekeza wafike mbele ya Baraza, ndani ya kikao, kabla ya ajenda nyingine yoyote. Wapo waliopinga, na hoja zao zilikuwa na uzito: ajenda ni nyingi, wajumbe wengine wanatoka mikoani na wana magari ya kuwahi, tena taaluma ni ya Seneti. Aliwajibu kwamba wanapitisha mabilioni kwa ajili ya watu wasiowajua hata kwa sura. Pendekezo likapita, nami nikapewa kazi ya kuandaa wasifu wa kila mmoja: jina kamili, wilaya anayotoka, shule alizosoma, programu, wastani wa alama, na jambo moja ambalo angependa Baraza lilijue.

Kwenye ngazi zetu za alama, daraja la kwanza huanzia 4.4 na mwisho wake ni 5.0. Orodha niliyopewa ilikuwa ya walioongoza ndani ya daraja hilo. Nikaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamesharudi makwao, na ilibidi wapande kilimani kutafuta mtandao ndipo tusikilizane. Kijana wa uhandisi alinitajia shule ya kata ambayo wilayani kwake mwenyewe haisikiki. Mwingine aliomba nisiandike kwamba baba yake ni marehemu, kwa kuwa mama yake angekuwapo na asingependa kulia mbele za watu. Halafu nikampigia mama mmoja wa uuguzi. Namwita mama kwa sababu sauti yake ilinishtua, ilikuwa sauti ya mtu wa umri wangu. Alikuwa amefanya kazi wodini kwa stashahada kwa miaka mingi kabla ya kuomba nafasi kwa sifa linganishi. Ana watoto watatu. Wastani wake ulikuwa 4.6.

“Dada, hiyo sifa linganishi ndiyo nini hasa?” nilimuuliza, ingawa maneno hayo nilikuwa nimeyachapa mara nyingi kwenye taarifa za udahili.

“Ni hiyo stashahada uliyonayo, dada yangu,” alinijibu. “Wewe unayo?”

Nikamwambia ninayo, nikamuuliza herufi za jina lake la katikati, tukaagana.

Siku ya kikao walifika asubuhi na mapema, wakakaa kwenye benchi la ukumbini, kila anayepita wanamwamkia shikamoo, hata mhudumu wa chai aliyekuwa mdogo kuliko baadhi yao. Waliingia kwa mstari. Mwenyekiti hakunitaka nisome orodha. Alisoma mwenyewe, polepole, jina hadi jina, na kila jina lilipotajwa mwenye nalo alisimama na kubaki amesimama mpaka wasifu wake uishe. Wajumbe walinyamaza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona wakati wa taarifa za fedha. Alipofika kwa mama wa uuguzi, akasoma miaka ya wodini, watoto, zamu za usiku na ule wastani, mzee mmoja mjumbe alisimama akapiga makofi, na meza yote ikasimama. Mimi nilikuwa naandika. Mkono wangu ulijua kazi yake, lakini nilipokuja kuusoma ukurasa ule baadaye, alama zake za hatimkato zilikuwa kubwa kuliko kawaida yangu.

Jaji akawasimulia wanafunzi jambo ambalo huenda lilikuwa geni kwa wengi wao, kwamba elimu ya chuo kikuu nchini mwetu ilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London kilichokuwa kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuja kusimama chenyewe mwaka 1970, Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa Mkuu wake wa kwanza. Akamtaja Julie Manning, mmoja wa waliosoma sheria pale miaka ile ya mwanzo, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Alimtaja akiwatazama mabinti. Nilipenda alivyofanya hivyo, kwa kuwa kijana anayepongezwa huhitaji kuambiwa amejiunga na msafara gani.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko vyeti na bahasha. Alimuuliza kila mmoja nini kilimsaidia na nini kilimkwamisha. Wa kwanza walitoa majibu ya adabu, wakawashukuru wahadhiri. Kijana wa uhandisi ndiye aliyefungua mlango. Alieleza kwamba karakana ina mashine moja inayofanya kazi kwa darasa zima, na kwamba yeye alifaulu kwa sababu fundi sanifu wa karakana, mtu anayekaa jirani na chuo, alikubali kuja kumfungulia alfajiri kabla ya wenzake kufika. Hakulalamika. Alikuwa anamshukuru yule fundi, na akamtaja kwa jina. Mama wa uuguzi naye akasema maktaba inafungwa saa ambayo mwenye watoto ndiyo kwanza anamaliza kuwalaza.

Walipotoka, kikao kikaendelea na mambo yake. Mchana tukafika kwenye makadirio ya bajeti, na kifungu cha vifaa vya karakana kilikuwa kimepunguzwa ili kuziba pengo lingine. Mhasibu aliyekuwa mjumbe, mtu mkali wa hesabu ambaye katika kikao kile cha mwanzo alikuwa upande wa waliopinga, akaomba kurasa zirudishwe nyuma. Akauliza wanaomfuata kijana yule wa alfajiri watajifunzaje kwa kifungu kile. Nikaandika: “Wajumbe walielekeza Menejimenti irejeshe kiasi kilichopunguzwa na iwasilishe taarifa ya utekelezaji kwenye kikao kijacho.” Nimeandika maelekezo mengi ya namna hiyo katika maisha yangu. Hilo lilikuwa la kwanza ambalo nilijua limetoka kinywani mwa nani.

Wapo wanaosema kuwatuza wanafunzi bora ni kumwongezea aliyenacho. Nawaelewa, na kama kutuza ni hundi kubwa ya kupigia picha uwanjani, halafu watu wanatawanyika, basi wana haki. Ninachokishuhudia mimi ni kingine. Mwanafunzi anapoitwa kwa jina lake kamili mbele ya wenye maamuzi, na akaulizwa, wenye maamuzi nao wanabadilika, na wanaoketi pembeni wakiandika wanabadilika pia.

Maana mimi sikulala usiku wa siku ile ya kikao. “Wewe unayo?” Swali la yule mama lilinikaa moyoni. Wiki iliyofuata nilikwenda kuuliza kwenye kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, makao yake makuu yako Kinondoni, na kina vituo mikoani kwa ajili ya watu kama mimi, wasioweza kuacha kazi wala kuhama nyumba. Nikaomba Shahada ya Usimamizi wa Rasilimali Watu. Ada ya mwaka wa kwanza nilikopa SACCOS. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nitasomea wapi, na jioni ile ile akahamisha meza ya kulia chakula akaisogeza karibu na soketi ya umeme.

Takwimu zilinitesa. Nilikuwa sijagusa hesabu tangu Kidato cha Nne, na hapo nilitakiwa kujua mkengeuko sanifu na uwezekano. Mhadhiri msaidizi mmoja wa chuo chetu, kijana ninayeweza kumzaa, alijitolea kunifundisha saa ya chakula cha mchana ofisini kwake. Ananiita mama, nami ndani ya chumba kile namwita mwalimu, na hakuna aliyeona ajabu. Kwenye chumba cha mtihani nilikaa karibu na mwanajeshi mstaafu, nyuma yangu walimu wa shule za msingi, mbele diwani. Kila mmoja wetu alikuwa na simu aliyoizima, na nyumbani mtu anayemsubiri. Nilimaliza kwa daraja la pili la juu. Nilivaa joho nikiwa na wajukuu wawili, wakanishika mikono huku na huku.

Kubadilishiwa kada kulichukua muda, maana kibali hakitoki kwa siku moja, lakini kilitoka. Sasa mimi ni afisa katika sekretarieti ya Baraza lile lile. Jaji alishamaliza kipindi chake na mwenyekiti wa sasa ameuendeleza utaratibu. Nilipopata nafasi ya kuandika mapendekezo badala ya kuyachapa tu, la kwanza lilikuwa nauli. Tulikuwa tunamwalika mwanafunzi aliyeko Kigoma kana kwamba anakaa mtaa wa pili. Sasa barua ya mwaliko inakwenda na nauli yake na ya mzazi au mlezi mmoja. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo alikuja baba mmoja mkulima ambaye hakukubali kukaa mpaka Makamu Mkuu wa Chuo, profesa mzima, alipomshika mkono na kumwambia, “Karibu mzee, kiti hiki ni chako.” Watumishi wanaotajwa na wanafunzi, kama yule fundi sanifu, nao wanaandikiwa barua ya shukrani inayoingia kwenye jalada binafsi.

Lipo moja ambalo bado nalipigania. Orodha inatengenezwa kwa wastani wa mwisho peke yake, kwa hiyo aliyepata supu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza, akainuka, akamaliza mwaka wa mwisho juu kabisa, hawezi kufika kwenye benchi lile. Namfahamu kijana wa namna hiyo, alikuwa akisoma huku akilea wadogo zake, na ninaamini Baraza lingejifunza mengi kwa kumuuliza kile kilichomkwamisha. Wenzetu wa Seneti wana wasiwasi juu ya namna ya kupima mwinuko huo bila upendeleo, na wasiwasi wao ni wa haki. Nimekaa na mkuu wa mitihani tukatafuta kanuni ya kulinganisha mwaka wa kwanza na wa mwisho, na takwimu zilizonitesa zimenisaidia hapo. Pendekezo limo kwenye kabrasha la kikao kijacho, chini ya taarifa ya kamati, na safari hii waraka umeandikwa kwa jina langu.