Kabla ya Kusahihisha Kosa, Tulia: Funzo la Kompyuta Moja ya Bububu

Katika kazi ya ualimu hapana mtu asiyekosea. Mwanafunzi hukosea, mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hukosea, na mkufunzi anayekwenda kumkagua naye hukosea. Vyuoni tunafundishwa sana jinsi ya kusahihisha kosa. Ni nadra kufundishwa tufanye nini katika zile dakika chache za mwanzo baada ya kosa kutendeka, wakati mikono inatetemeka na kila mtu anataka jambo limalizwe upesi. Katika makala haya tumekusudia kueleza kisa kilichotupata mwaka 2015 katika skuli moja ya msingi upande wa Bububu, kisa cha kompyuta iliyokataa kuwaka, na funzo tulilolipata sisi wakufunzi wawili kabla ya kumfundisha mtu mwingine.

Skuli ile ilikuwa na kompyuta mpakato moja tu ofisini. Ndani yake mlikuwa na alama za wanafunzi za miaka mitatu, pamoja na maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya walimu. Nakala nyingine haikuwako. Muhula ulikuwa ukingoni, na ripoti za wazazi zilikuwa bado kuandikwa. Mwanachuo wetu mmoja, kijana hodari katika somo la Hisabati, alimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuweka mfumo endeshi wa Linux kando ya ule wa Windows, ili watoto wapate kutumia programu za kujifunzia zisizolipiwa. Nia yake ilikuwa njema. Lakini ili mifumo miwili ikae katika diski moja, sharti diski igawiwe upya, na hapo ndipo alipoteleza. Alitaka kupunguza sehemu moja, akafuta mbili. Alipoona onyo katika skrini alishikwa na hofu, akaizima mashine kwa kitufe. Alipoiwasha tena, ilimjibu kwa maandishi meupe juu ya skrini nyeusi kwamba mfumo endeshi haukuonekana.

Tulipoitwa tulifika kwa haraka, na haraka ile ndiyo iliyotuponza. Tulimkemea kijana mbele ya watu, tukamwondoa kitini, tukakaa sisi. Tuliona aibu kwa jina la chuo, tukataka Mwalimu Mkuu aione mashine inawaka kabla ya kengele ya mwisho. Tukachomeka flashi yenye Windows, tukakubali kila tulichoulizwa: tengeneza sehemu mpya, ndiyo, iandae, ndiyo, anza kunakili, ndiyo. Kazi ilikuwa imekwenda dakika kadhaa ndipo karani wa skuli, mzee mwenye busara, alipouliza kwa upole, "Na alama za watoto, walimu wangu, zitarudi zenyewe?"

Tulisita. Hatukuwa na jibu. Tukaizima mashine, na ofisi nzima ikanyamaza. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Mwalimu Mkuu hakutulaumu. Alisema tu, "Leo Jumatano. Wazazi watakuja Jumamosi."

Usiku ule tulikaa tukajiuliza swali ambalo tungelijiuliza tangu mwanzo: je, maji yamemwagika kweli? Bububu ni mahali pa chemchem. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji safi kutoka chemchem ya upande ule. Mfereji ukivunjika njiani, mjini watu watapanga ndoo tupu, lakini chemchem haitakuwa imekauka. Kwa hiyo, kabla ya kusema kuwa maji hayapo, ni lazima kwanza kujua kilichokatika ni kitu gani.

Hebu tueleze jinsi diski ya aina ile ilivyopangwa. Diski ina mfano wa ukurasa wake wa kwanza, nao ni mdogo mno: baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni nafasi ya maagizo ya kuiamsha mashine. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la sehemu za diski, lenye mistari minne, kila mstari baiti 16. Baiti mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba ukurasa ni halali. Mpango huu ulianza mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT yenye diski ngumu. Kila mstari wa jedwali husema mambo machache: sehemu inaanzia wapi, ina urefu gani, ni ya aina gani, na kama ndiyo ya kuwashia. Mtu anapofuta sehemu kwa kawaida kinachofutwa ni ule mstari wa baiti 16. Yaliyomo ndani ya sehemu yenyewe hubaki pale pale yalipokuwa, ila mashine haina tena pa kusoma njia ya kuyafikia.

Mwalimu ataelewa kwa mfano wa darasani. Daftari la mahudhurio likipotea, watoto hawapotei. Wamekaa katika madawati yao. Lakini mwalimu mgeni akiingia, akakuta hapana daftari, akadhani darasa ni tupu na kuwakalisha watoto wengine juu ya madawati yale yale, hapo ndipo hasara ya kweli inapoanza. Kijana wetu alikuwa amepoteza daftari. Sisi ndio tuliokuwa tumeanza kukalisha watu madawatini.

Asubuhi ya Alhamisi tulirudi, na safari hii tulimwita kijana. Alikuja kichwa chini, amekwisha kuwaambia wenzake kuwa ataacha ualimu. Tulimtaka radhi mbele ya wale wale waliosikia tukimkemea. Kisha tukamuuliza jambo ambalo jana hatukumpa nafasi ya kulisema: diski ilikuwaje kabla hujaigusa? Akafungua daftari lake. Kwa kuwa tulimzoesha kuandika andalio kabla ya kila somo, aliandika andalio la kazi ile pia: diski ya gigabaiti 500, ambayo mashine huiandika 465, kwa sababu muuzaji huhesabu kwa elfu na mashine huhesabu kwa 1,024. Sehemu ya kwanza megabaiti 100, ya kuwashia. Ya pili gigabaiti 200, ya mfumo endeshi. Ya tatu gigabaiti 265 na ushei, ya mafaili ya skuli. Mistari mitatu ya kalamu ya risasi ikawa ndiyo ramani yetu.

Tulimkalisha yeye kwenye kitufe, nasi tukakaa pembeni. Kazi ilikwenda kwa hatua hizi.

Kwanza, hatukuiwasha mashine kwa diski yake. Tuliiwasha kwa flashi yenye Linux, ambayo hufanya kazi bila kuandika cho chote katika diski iliyoumia.

Pili, tuliazima diski ya nje ya terabaiti moja, tukanakili diski nzima, baiti kwa baiti, kwa programu ya ddrescue. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa nne. Tangu hapo kila jaribio tulilifanya juu ya nakala, ili tukikosea tena tuwe na pa kurejea.

Tatu, tulitumia programu ya TestDisk, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier na kutolewa bure. Programu hii hupita diski kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta dalili za mwanzo wa kila sehemu, kama mtu anayepita madawati akiuliza majina. Ilituletea majibu yanayopingana: sehemu moja kubwa iliyofunika karibu diski yote, nayo ilikuwa ni kosa letu la Jumatano, na nyingine ya gigabaiti 265 na ushei. Bila ya daftari la kijana tungelibabaika. Yeye aliweka kidole juu ya skrini akasema, "Mwalimu, ni hii."

Nne, kabla ya kuandika jedwali jipya tuliitaka programu itufungulie orodha ya mafaili ya sehemu ile. Majina yakatokea: darasa la kwanza, la pili, la tatu, mwaka kwa mwaka. Tukayanakili yote mahali pengine, tukafungua machache kuhakikisha kuwa yanasomeka. Ndipo tulipokubali jedwali liandikwe katika diski yenyewe, tukaweka upya mfumo endeshi katika sehemu ya pili, bila kuigusa ya tatu. Ijumaa mchana mashine iliwaka. Jumamosi wazazi walipata ripoti zao.

Si yote yaliyorudi, na haifai kuficha. Walimu wengine walikuwa wakihifadhi maandalio yao na picha za zana za kufundishia katika sehemu ya pili, ndiyo ile tuliyoiandikia juu. Tulijaribu programu ya PhotoRec, ndugu ya TestDisk, ambayo hutafuta faili kwa umbo lake tu. Ilileta vipande vingi visivyo na majina. Vingine vilikuwa vizima, vingi vilikuwa vimekatika. Mwalimu mmoja wa darasa la pili alipoteza kazi ya muhula mzima. Kosa lile halikuwa la kijana, lilikuwa letu, nasi tulimwambia hivyo.

Yafaa kuongeza maonyo matatu kwa atakayekutwa na jambo kama hili leo. Mashine mpya aghalabu hutumia jedwali la aina nyingine, liitwalo GPT, ambalo huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski. Kwa hiyo wa mwanzo ukiharibika, wa mwisho huweza kuusimamisha. Lakini diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka zina tabia ya kusafisha zenyewe nafasi zilizofutwa, hivyo kuchelewa kuzima kwaweza kumaliza kila kitu. Tena, usigawe diski bila ya umeme wa uhakika. Sisi wa Unguja, tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008 na tena miezi mitatu tangu Disemba 2009, hatuna udhuru wa kulisahau hilo: umeme ukikatika sehemu inapohamishwa, nusu huwa huku na nusu kule.

Tangu mwaka ule tunalifundisha somo hili kwa wanachuo bila ya kompyuta, nalo laweza kufundishwa hata darasa la tano. Gawa wanafunzi makundi. Kila kundi lipewe daftari lenye masomo matatu, na ukurasa wa kwanza uwe na yaliyomo: Hisabati inaanzia ukurasa gani, Sayansi ukurasa gani, Kiswahili ukurasa gani. Chana ukurasa wa kwanza. Waulize: je, somo la Sayansi limepotea? Waache watafute vichwa vya habari, kisha waandike yaliyomo upya. Baadaye chukua daftari la pili, uchane ukurasa wa kwanza, na halafu andika kwa wino juu ya kurasa kadhaa za Hisabati. Waulize tena. Watoto hutambua wenyewe tofauti ya njia iliyopotea na kitu kilichopotea, na huona kuwa kilichoharibu zaidi ni kule kuandika juu.

Tunalolitilia mkazo kwako, ndugu mwanachuo, halihusu diski peke yake. Utakutana na mtoto aliyejua kugawanya jana, na leo akisimamishwa ubaoni anakuwa kama mashine ile: skrini nyeusi. Usiharakishe kuhukumu kuwa hajui kitu, wala usimrundikie somo lile lile upya juu ya lile alilo nalo. Nyamaza kidogo. Muulize alianzaje. Mtazame daftari lake. Mwachie chaki mkononi. Huenda yote uliyomfundisha yamo ndani, na kilichokatika ni mstari mmoja tu wa njia.

Yule kijana hakuacha ualimu. Siku tuliyoondoka Bububu, karani alitusindikiza mpaka barabarani, akamshika bega akasema, "Mwanangu, yale maji hayakuwa yamemwagika." Kisha akatugeukia sisi, akauliza kama tumekwisha kuweka nakala ya pili. Tulikuwa tumeweka. Tulimwonyesha.