Si Magoti, ni Pumzi



Jina la baridi yabisi tumelirithi kutoka kwa tiba ya kale, iliyoyagawa maradhi kwa tabia nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kavu. Ni jina tulilolizoea, lakini hutupotosha kwa njia mbili. Kwanza, hutufanya tuulaumu upepo wa kusi, maji ya kisima na sakafu ya saruji. Pili, hutufanya tuvitazame viungo peke yake, kana kwamba maradhi hayana safari nyingine mwilini.

Matabibu wametubainishia kwamba aina moja kali ya maradhi haya haitokani na baridi hata kidogo. Kinga ya mwili, ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia iwe mlinzi wetu, humgeukia yule inayemlinda. Huvishambulia viungo, hasa vya vidole na vifundo vya mikono, mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja. Asubuhi mgonjwa huweza kukaa saa nzima au zaidi kabla ya mikono yake kukunjuka. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, ndiyo maana hapana ukoo usiokuwa na shangazi au nyanya mwenye vidole vilivyopinda.

Ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba moto huohuo huweza kuingia mapafuni. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata makovu ya mapafu yanayomletea dhiki, na skani huonyesha mabadiliko madogo kwa wengine wengi ambao bado hawajahisi lolote. Pafu lenye kovu hukakamaa, likawa halijai hewa kama zamani. Kovu likishakomaa halifutiki. Dawa zilizopo, kwa idhini ya Mola, huweza kupunguza kasi yake, na kwa hiyo kugundua mapema ndiko kunakolinda pumzi iliyobaki.

Ibra ya jambo hili tuliipata Kianjokoma, katika kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya yenye mashamba ya chai na kahawa. Binti mmoja wa mtaa wetu ameolewa huko, nasi tulipanda kwa ajili ya akika ya mtoto wake. Mama mkwe wake, aliyesilimu ujanani, alikuwa na baridi yabisi kwa miaka mingi na alikwisha kuacha kuchuma chai kwa sababu ya vidole. Alikuwa pia na kikohozi kikavu kisichokoma. Majirani walisema ni ukungu wa mlima. Wengine walisema ni moshi wa kuni. Kituo kimoja cha afya kilimpima kifua kikuu, hakikukiona, kikampa dawa ya kikohozi, na aliporudi kikampa chupa nyingine.

Tuliona kwamba anasali akiwa kitini, tukamuuliza hali. Mwanawe alitangulia kujibu kwamba ni magoti. Bibi yule akatikisa kichwa. “Si magoti, sheikh,” akasema. “Ni pumzi. Nikiinuka kutoka sijida ni kama nimebeba kikapu kilichojaa majani.” Nyumba nzima ilinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hapo ndipo penye hila ya maradhi haya. Mwenye viungo vibovu hupunguza mwendo. Huacha kupanda ngazi, huacha kwenda sokoni, huketi jikoni na kuwaagiza watoto. Pumzi yake inapopungua hajui, kwa sababu haitumii. Na akichoka husema ni uzee au ni miguu. Ugonjwa wa viungo huwa pazia mbele ya ugonjwa wa mapafu. Mtu wa kwanza kulifunua pazia hilo, kabla ya daktari, ni yule anayeishi naye.

Basi, akina mama na mabinti, tazameni. Je, hukatiza maneno katikati anapotembea huku akizungumza? Je, alikuwa akifika msikitini bila kupumzika, na sasa husimama njiani? Je, ana kikohozi kikavu kilichopita wiki mbili? Je, amehamia kitini katika Sala, na kwa sababu gani hasa? Sharia imetupa rukhsa. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwelekeza Imran bin Huswayn asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Rukhsa hiyo ni rehema, lakini isitufanye tuache kuuliza kilichomkalisha mgonjwa wetu.

Yule bibi alipofikishwa mjini Embu, daktari aliweka chombo chake sehemu ya chini ya mgongo, akamwambia avute pumzi ndefu. Akasikia mkwaruzo mfano wa mkanda wa kunasa wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa. Sauti hiyo husikika chini ya mapafu, mgongoni, wala haisikiki vizuri juu ya buibui na nguo tatu. Tunalisema hili waziwazi kwa kuwa haya ni sehemu ya imani, ila isigeuke kuwa madhara. Ombeni tabibu mwanamke; asipopatikana, wanachuoni wameruhusu tabibu mwanamume kwa kadiri ya haja, na maharimu awepo.

Kisha alipigwa skani ya kifua na kupuliza kwenye mashine inayopima uwezo wa mapafu. Makovu yalionekana sehemu za chini, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili ndivyo vya kuulizia. Miongozo iliyotolewa na mabingwa wa Marekani mwaka 2023 inashauri vitumike kwa wagonjwa walio katika hatari zaidi hata kabla ya dalili, na haishauri kutegemea eksirei, kwani eksirei huweza kuonekana safi ilhali kovu limekwisha kuanza. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri mkubwa, wavutaji tumbaku, na wenye kiwango cha juu cha chembe za baridi yabisi katika damu. Wanaume, ingawa hupatwa na maradhi ya viungo kwa uchache, wakipatwa mapafu yao huwa hatarini zaidi. Waume wanaovuta sigara na shisha barazani na wasikie.

Kifua kikuu nacho kipimwe kwanza, na katika vituo vya serikali kipimo hicho hutolewa bure. Lakini jibu la kwamba hakipo halimaanishi kwamba mapafu ni mazima. Mgonjwa arudi na aseme: “Nina baridi yabisi, na pumzi yangu imepungua.” Asiposema maneno hayo mawili pamoja, huenda daktari wa kikohozi asiulize habari za vidole, na daktari wa vidole asiulize habari za kikohozi.

Tunaonya pia kuhusu dawa. Methotrexate, inayotumiwa na wengi, kwa maradhi haya humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku; kukosea hapo ni hatari kubwa. Kwa nadra huweza kuyachoma mapafu ghafla, kwa hiyo homa, kikohozi na pumzi fupi vikizuka kwa pamoja, mgonjwa akimbizwe hospitalini. Lakini asiiache kwa hofu wala kwa kusikia ya watu, kwa sababu viungo vilivyoachwa bila dawa huharibika.

Mtume wetu ametuhimiza tujitibu, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kutafuta kipimo hakupingani na tawakkul. Na kumuuliza mzee wetu, kwa upole na kwa kungoja jibu lake mwenyewe, ni katika kuwatendea wema wazazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azikunjue pumzi zilizobanwa. Amin. Wabillahi tawfiq.