Mpangaji na Ua

Anayepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili hupewa ufunguo wa mlango wake, na humo ndani yeye ni bwana. Atatundika pazia alitakalo na kitanda atakiweka upande autakao. Lakini ua si wake. Bomba, choo na kamba ya kuanikia nguo ni vya wote, na mwenye nyumba ndiye asemaye nani achimbe wapi. Mpangaji atakayeamka na jembe ili achimbe kisima uani atasimamishwa, hata kama amelipa kodi ya miezi sita.

Nimeuwaza ua huo mara nyingi tangu ofisi yetu ndogo ya uchapaji ilipotaka seva ya mafaili. Tuna mashine moja ya kutegemewa, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na ndani yake tumegawa kontena za Linux: moja ya hesabu, moja ya foleni ya kuchapa, moja ya nakala za akiba. Kijana wetu wa mitambo akashauri seva ya mafaili nayo ipewe kontena yake, itumie NFS, ule utaratibu ulioletwa na Sun Microsystems mwaka 1984 ili kompyuta moja ione mafaili ya nyingine kana kwamba ni yake yenyewe. Nililipenda wazo hilo. Kila shughuli na chumba chake.

Akaweka programu, akaandika katika /etc/exports saraka za kutolewa, akawasha. Ikagoma. Akawasha tena (vijana wanaamini sana kuwasha tena), ikagoma vilevile, ikilalamika kwamba haikuruhusiwa kupachika kitu kiitwacho nfsd.

Kontena, msomaji, si kompyuta. Ni chumba. Linux huipa kuta zake, jina lake, anwani yake na orodha ya kazi zake, lakini kerneli, yaani kile kiini kinachosema na diski na waya, ni moja kwa nyumba nzima. Na seva ya kawaida ya NFS katika Linux haifanyii kazi yake chumbani. Huifanyia ndani ya kerneli yenyewe. Programu unayoiweka ni tarishi tu wa kupeleka maagizo huko. Sasa kontena yetu ilikuwa ya wasio na mamlaka: mkuu wake, ambaye humo ndani ni namba 0, kwa mwenye nyumba anaonekana kuwa namba 100000, mtu baki kabisa. Mtu baki na jembe uani!

"Mzee, dawa ipo," kijana akaniambia. "Tuifanye kontena yenye mamlaka, tulegeze na AppArmor. Dakika tano tu. Hapa si tuko wenyewe?"

Dawa ilikuwa ya kweli, nami sikuibishia. Nilichokataa ni bei yake. Katika kontena ya namna hiyo, namba 0 wa chumbani ndiye namba 0 wa nyumba nzima. Wanaotengeneza LXC wenyewe hawadai kwamba kuta za kontena yenye mamlaka zinaweza kumzuia mkuu aliyedhamiria kutoka. Tena NFS nayo kwa tabia ni mwepesi wa kuamini. Katika hali yake ya kawaida, mteja akisema "mimi ni namba 1000", seva husadiki. Anayeshukiwa ni namba 0 peke yake, ambaye kanuni ya root_squash humshusha awe mtu asiye na jina, namba 65534. Iko njia ya Kerberos ya kuthibitisha watu, lakini kwa ofisi ya watu watano, nani ataitunza?

Na mashine ile ina miswada ya watu ambayo bado haijatoka. Kuna mzee aliyetukabidhi kazi ya miaka yake mingi, nakala pekee, kwa sababu anatuamini. Hesabu na akiba viko chini ya paa hilohilo. "Tuko wenyewe" halikuwa jibu la kumpa yeye.

Kama kompyuta za wachapaji wetu zingekuwa za Windows, ningeridhika na Samba, kwani hiyo hufanya kazi nje ya kerneli na ingekaa chumbani bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini zote ni za Linux, na tulitaka umiliki na ruhusa za mafaili zibaki zilivyo. Basi tukajenga kompyuta pepe kamili, yenye kerneli yake, yaani nyumba ndogo yenye ua wake. Imekula gigabaiti 1 ya kumbukumbu na ikahitaji diski yake yenyewe. Inatumia NFS ya toleo la 4, ambayo inatosheka na mlango mmoja tu, 2049, na mlango huo tumeufungulia kompyuta za ofisini peke yake. Jedwali la mishahara halikupelekwa huko.

Kijana huyo bado ananung'unikia gigabaiti yake. Kila kontena ya hesabu inapokuwa nzito mwisho wa mwezi, ananitazama.